Pete Mguuni mwa Ndege

Wanafunzi wa kidato cha pili waliniuliza swali ambalo nimeona lafaa kujibiwa hapa gazetini, ili na ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule walisome. Swali lenyewe ni hili: "Mbayuwayu wanaojaa juu ya nyaya za umeme mwezi wa Novemba, mbona mwezi wa Juni hatuwaoni? Huwa wamekwenda wapi?"

Jibu fupi ni kwamba wamekwenda Ulaya na Asia kuzaa. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu apendaye elimu. Hapana budi aulize tena: "Nani aliyewafuata akaona?" Hilo ndilo nitakalolieleza. Nitaeleza jinsi wataalamu walivyozipata habari za ndege wasafirio, wa nchi kavu na wa baharini, na faida iliyopatikana kwa kuzijua.

1. Dhana za watu wa kale

Aristotle wa Uyunani, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Mwaka 1555 Olaus Magnus, mwanachuoni wa Sweden, aliandika kwamba wavuvi wa nchi za kaskazini huwavua mbayuwayu chini ya maji pamoja na samaki. Tusiwacheke. Watu wale waliona mbayuwayu wakikusanyika jioni katika mafunjo kandokando ya maji, kisha baada ya siku chache hawapo. Ukiona kitu kimeingia majanini na hukukiona kikitoka, si ajabu kusema kwamba kimezama. Walikuwa na macho, ila ushahidi wa kutosha hawakuwa nao.

Ushahidi ulifika mwaka 1822 kwa njia ya ajabu. Katika kijiji cha Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyechomwa mkuki shingoni, na mkuki bado umo. Urefu wake ulikuwa karibu sentimeta 80, na mti wake ulikuwa wa Afrika. Yaani mwindaji mmoja wa huku kwetu alimchoma korongo, kitoweo kikamponyoka, naye ndege akaruka na mkuki wake mpaka Ulaya. Korongo yule alikaushwa, na hata leo yumo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Twaweza kusema kwamba mwindaji yule alipeleka barua bila kukusudia, na barua ikafika.

2. Mwalimu wa Viborg

Lakini hatuwezi kungoja kila ndege achomwe mkuki. Aliyepata njia iliyo bora alikuwa mwalimu wa shule, jina lake Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg katika nchi ya Denmark. Mwaka 1899 alitengeneza pete ndogo za alumini, akaandika juu yake namba na jina la mji, akawavisha kwezi miguuni, kisha akawaacha waende zao.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Ukiwatazama mbayuwayu elfu moja huwezi kumjua huyu na yule, maana wote wamefanana. Ukimvisha mmoja wao namba, amekwisha kuwa yeye na si mwingine. Ana siku ya kuandikishwa na ana mahali pa kuandikishwa. Akionekana tena, hata kama ni baada ya miaka ishirini, daftari litasema ni nani.

Kielelezo ni hiki. Mwezi wa Mei 1911, John Masefield wa Staffordshire, Uingereza, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa amejenga kiota nyumbani kwake. Tarehe 23 Desemba 1912 mbayuwayu huyo alikamatwa katika shamba moja huko Natal, Afrika ya Kusini, karibu kilometa 10,000 kutoka kiota chake. Maandishi ya pete yalisomwa, na barua ikaandikwa kwenda Uingereza. Hapo ndipo Waingereza walipojua kwa hakika mbayuwayu wao hukaa wapi wakati wa baridi.

Huku Afrika ya Mashariki kazi hii yajulikana sana mahali paitwapo Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, Kenya. Tangu mwaka 1969, miezi ya Novemba na Desemba, wataalamu hukusanyika huko usiku wa ukungu. Ndege wanaotoka kaskazini hupotezwa na ukungu, wakavutwa na taa za hoteli iliyo mlimani. Hunaswa kwa nyavu laini, hupimwa, huvishwa pete na kuachiliwa. Wamekwisha kuvishwa pete mamia ya maelfu, na baadhi yao wamepatikana tena mbali sana, hata Bara Arabu na Urusi.

Hata hivyo pete ina upungufu wake. Kwanza, katika ndege wengi wanaovishwa, wanaopatikana tena ni wachache mno. Pili, pete hueleza mahali pawili tu, alipoandikishwa na alipokutwa. Njia ya katikati haielezi, wala haisemi ndege alipumzika wapi au alikula wapi.

3. Kifaa kinachosoma jua

Upungufu huo umepunguzwa na kifaa kidogo kinachofungwa mguuni. Hakina kazi kubwa: chapima mwanga na kuandika saa. Lakini mwanafunzi aliyesoma jiografia vizuri ataona jinsi mambo hayo mawili yanavyotosha.

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24. Basi ni nyuzi 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika 4. Mombasa i karibu na longitudo ya nyuzi 40 mashariki, na Kampala karibu na nyuzi 33. Tofauti ni nyuzi 7, nazo mara 4 ni dakika 28. Yaani, ijapokuwa saa zetu za mkononi zasema sawasawa, jua hufika utosini Mombasa karibu nusu saa kabla ya kufika utosini Kampala. Kwa hiyo, ukijua saa ambayo jua lilikuwa katikati ya mchana kwa ndege, umejua longitudo yake. Na ukijua mchana wake ulikuwa na saa ngapi, umejua latitudo yake, kwa kuwa kila mahali kadiri palivyo mbali na ikweta ndivyo urefu wa mchana unavyobadilika zaidi. Ila siku zilizo karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba latitudo haipatikani vizuri, maana siku hizo mchana na usiku ni sawa duniani kote.

Sharti moja hufuatwa: mzigo usimlemee ndege. Wataalamu wengi hawapendi uzidi sehemu 3 katika 100 za uzito wake. Mbayuwayu ana gramu 20 hivi, basi mzigo wake usizidi gramu 0.6.

Kwa kifaa cha namna hiyo, chenye gramu 1.4, Carsten Egevang na wenzake walimchunguza buabua wa Aktiki huko Greenland. Ndege huyo wa baharini ana gramu 100 hivi. Huzaa karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kisha huenda mpaka bahari ya barafu iliyo kusini kabisa, akarudi. Zamani ilidhaniwa kwamba safari yake ni kilometa 40,000 kwa mwaka. Habari zilizotangazwa mwaka 2010 zilionyesha wastani wa kilometa 70,900. Hafuati mstari ulionyoka, bali hufuata pepo. Buabua akiishi miaka 30, atakuwa amesafiri kiasi cha kilometa 2,100,000, ambazo zakaribia safari tatu za kwenda mwezini na kurudi.

Ikagunduliwa pia kwamba katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini, mahali ambapo mtu huona maji matupu, buabua hao hutua karibu mwezi mzima wakila kabla ya kuendelea. Baadaye habari za vifaa vya namna hii kutoka kwa ndege wa baharini wa aina nyingi zilikusanywa pamoja. Mwaka 2021 nchi za pwani hiyo zikalitenga eneo lao la kula liwe hifadhi. Ukubwa wake ni karibu kilometa za mraba 600,000, yaani lazidi kidogo nchi nzima ya Kenya. Hifadhi hiyo isingaliwekwa kama wataalamu hawangalijua ndege hula wapi.

4. Robbins na ndege wake

Sasa nitaeleza habari ya mtu mmoja na ndege mmoja, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kubwa kuliko yote.

Chandler Robbins alikuwa mtaalamu wa ndege wa serikali ya Marekani. Mwezi wa Desemba 1956 alikuwa katika kisiwa cha Midway, katikati ya Bahari ya Pasifiki, akiwavisha pete albatrosi. Albatrosi ni ndege mkubwa wa baharini mwenye mabawa marefu. Huyu wa Midway, mabawa yake yakikunjuliwa, hufika karibu meta mbili. Mmoja kati ya wale aliowavisha alikuwa jike aliyelalia yai. Kwa kuwa albatrosi wa aina hiyo hawazai kabla ya kutimiza miaka mitano, Robbins alijua kwamba huyu alianguliwa mwaka 1951 au kabla yake.

Pete huchakaa kwa maji ya chumvi, nayo hapana budi ibadilishwe. Mwaka 2002 Robbins alikuwa tena Midway, akawabadilishia pete ndege wengine. Namba zilipofuatwa daftarini, pete baada ya pete, ikaonekana kwamba mmoja wao ndiye yule jike wa mwaka 1956. Mtu yule yule na ndege yule yule walikutana baada ya miaka arobaini na mitano na zaidi, wote wawili wakiwa bado kazini. Ndege alipewa jina la Wisdom, maana yake Hekima.

Mwezi wa Machi 2011 mawimbi makuu ya tsunami yaliyotoka Japani yalipiga Midway yakaua makinda kwa makumi ya maelfu, naye akaokoka. Robbins alifariki mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 98. Ndege wake alitaga tena mwishoni mwa mwaka 2024, akiwa na umri usiopungua miaka 73, na kinda likaanguliwa mwanzoni mwa 2025.

Fundisho ni nini? Tazameni hesabu ya maisha yake. Albatrosi hutaga yai moja tu kwa msimu, na miaka mingine hatagi kabisa. Hulea kinda kwa miezi mingi, akisafiri mbali sana kutafuta chakula. Kuku akifa, mwenye kuku atapata wengine kabla ya mwaka kwisha. Albatrosi mzima akifa, pengo lake halizibiki kwa miaka mingi, na mwenziwe huweza kukaa muda mrefu bila kupata mwenza mwingine. Kwa hiyo hatari iliyo kubwa kwa ndege hawa ni kuuawa kwa wazima. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu daftari lilitunzwa. Kama mtu mmoja tu angalipuuza kuandika namba moja, mnyororo ungalikatika.

5. Ndoana baharini

Na wazima wakaonekana wanakufa. Meli za uvuvi hutupa kamba yenye urefu wa makumi ya kilometa, ikiwa na maelfu ya ndoana zenye chambo. Kabla ndoana hazijazama, ndege huzirukia, wakanaswa, wakavutwa chini na kufa maji. Meli nyingine huvuta nyavu kwa nyaya za chuma, na ndege hugongwa na nyaya hizo.

Mwaka 2006 huko Afrika ya Kusini kikaanzishwa kikundi cha wataalamu wa albatrosi ambao hawakukaa ofisini kuandika lawama. Walipanda meli pamoja na wavuvi, wakala nao na kulala nao baharini. Waliwaonyesha njia tatu. Njia ya kwanza ni kufunga nyuma ya meli kamba yenye vitambaa au mipira ya rangi inayopepea, ndege waogope. Wajapani huiita kamba hiyo kwa neno "tori", maana yake ndege. Ya pili ni kutupa ndoana usiku, wakati ndege wengi hawali. Ya tatu ni kutia vizito ili chambo kizame upesi.

Mambo haya ni madogo na bei yake si kubwa. Hata hivyo, katika uvuvi wa nyavu za kuvuta huko Afrika ya Kusini, vifo vya albatrosi vilipungua kwa asilimia 99. Nchini Namibia, ambako mwaka 2009 ndege zaidi ya 20,000 walikufa kwa kamba za ndoana, sheria ya mwaka 2015 iliwalazimisha wavuvi kufuata njia hizo, na kufikia 2018 vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 98. Kamba za kutishia ndege zilishonwa na akina mama wa Walvis Bay, wakapata na fedha za matumizi. Mvuvi naye hakupata hasara, kwa sababu chambo kilicholiwa na ndege hakivui samaki.

6. Huku ziwani kwetu

Msomaji aweza kusema: "Haya ni ya bahari, nasi Uganda hatuna bahari." Ni kweli, lakini ndege wa jamii hiyo tunao. Ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, ni ndogo, hekta 98 tu. Lakini buabua bawa-jeupe, wanaozaa Ulaya ya Mashariki na Asia, hukusanyika hapo wakati wa baridi ya kwao, na wamepata kukadiriwa kupita milioni moja. Mwaka 2006 ghuba hiyo iliandikwa katika orodha ya mapatano ya Ramsar, yaani orodha ya maeneo ya majimaji yenye maana kwa dunia nzima. Hata hivyo sehemu ya kinamasi chake ilifukiwa kwa udongo ili kupanua mashamba ya maua. Wakulima wa maua wataka ardhi, vijana wataka kazi, na wavuvi wataka samaki wanaozaliana katika mafunjo. Buabua hana wa kumsemea, isipokuwa wale waliomhesabu.

Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, viko visiwa vya mawe viitwavyo Musambwa. Huko hutaga shakwe kichwa-kijivu, na kundi hilo hutajwa kuwa kubwa kuliko yote ya aina hiyo katika Afrika. Zamani mayai yaliokotwa sana na kuliwa. Wataalamu hawakwenda na askari, bali walikaa na wavuvi wa visiwani wakazungumza nao, na wavuvi wenyewe wakakubaliana kuacha kuyaokota. Shakwe wakaongezeka.

Nimepata kushiriki mara kadhaa katika hesabu ya ndege wa majini, ambayo hapa Uganda hufanywa Januari na Julai. Wengi huniuliza vipi mtu aweza kuhesabu ndege laki moja. Njia ni hii. Kwanza hesabu kumi, mmoja mmoja, uone nafasi wanayoijaza katika darubini. Kisha pima nafasi kumi kama hiyo, umepata mia. Halafu endelea kwa mia mia mpaka mwisho wa kundi. Mwenzako naye ahesabu peke yake bila kukusikia, ndipo mlinganishe. Hamtapata namba moja, lakini tofauti yenu itawaonyesha kadiri ya kuaminika kwa kazi yenu. Na jambo kubwa ni kurudi: mahali pale pale, mwezi ule ule, kila mwaka. Hesabu ya mwaka mmoja ni habari tu, bali hesabu za miaka ishirini zaweza kusimama mbele ya mkubwa yeyote anayesema kwamba hakuna kilichopungua.

7. Ukimkuta ndege mwenye pete

Mwezi wa Januari 2022, katika kaunti ya Siaya, Kenya, kando ya ziwa letu hili hili, alikutwa furukombe, yule mwindaji wa samaki, akiwa dhaifu. Mguuni alikuwa na pete ya makumbusho ya Helsinki, Finland. Mwanakijiji mmoja alimwokoa akatoa habari serikalini. Ndege alikufa baadaye, lakini habari yake haikupotea. Mwaka 2013 huko Misri, kinyume chake, korongo aliyekuwa na kifaa mgongoni aliwekwa mahabusu kwa kudhaniwa kuwa mpelelezi. Alipoachiliwa, hazikupita siku nyingi akaliwa.

Basi, ndugu zangu, fanyeni hivi. Ndege akiwa hai, soma maandishi yote ya pete, yaandike, kisha mwachilie na pete yake. Akiwa amekufa, chukua pete uihifadhi. Andika tarehe, mahali, na jinsi alivyopatikana, kisha peleka habari kwa makumbusho iliyotajwa katika pete. Pete nyingi za Afrika ya Mashariki zina jina la makumbusho ya Nairobi. Usiivae kidoleni kama pambo, na usiitupe kwa kudhani ni uchawi. Kuna mtu mahali fulani mwenye daftari lililo wazi, naye yungoja mstari mmoja tu.

Wanafunzi wa zamani walio wavuvi, wakulima, au wakubwa wa ofisi za ardhi wanaweza kufanya zaidi ya hayo, nao wanajijua.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini pete yenye namba hueleza mambo ambayo kundi zima la ndege haliwezi kueleza?

(b) Kifaa cha buabua kinaonyesha kwamba jua lilikuwa utosini dakika 40 baada ya kuwa utosini Kampala. Ndege yu mashariki au magharibi ya Kampala, na kwa nyuzi ngapi?

(c) Ndege ana gramu 45. Mzigo wake usizidi gramu ngapi?

(d) Kijiji kina albatrosi 100 wazima na kijiji kingine kina kuku 100. Kila mwaka kumi kati yao huuawa. Eleza hali ya kila kijiji baada ya miaka mitano, na sababu yake.

(e) Mtu asema: "Kinamasi ni ardhi bure, heri kifukiwe." Mjibu kwa hoja tatu, moja ya ndege, moja ya samaki na moja ya watu.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya kufunga shule. Jibu la swali (e) litakaloshinda litachapishwa katika toleo lijalo.